Kuzamia Bila Kualikwa

Neno kuzamia limebeba maana tatu katika Kiswahili cha leo, na zote tatu huonekana katika bandari moja. Ya kwanza ni ya asili: kujitosa majini na kwenda chini, kutafuta chaza, kumtoa pweza pangoni au kuinasua nanga. Ya pili ni ya vijana wa gatini: kujificha ndani ya meli ili kufika nchi ambayo ubalozi wake haukutoa viza. Ya tatu ni ya mjini: kuingia katika karamu ya watu bila ya kualikwa, kula pilau ya arusi ambayo mlaji hakuichangia. Wenye kupanga safari za kuzamia Unguja, Pemba na Mafia huamini kwamba wanapanga kitendo cha maana ya kwanza. Kwa jinsi safari hizo zinavyopangwa, wanachokipanga ni cha maana ya tatu.

Dai hili litawaudhi watu wa pande mbili. Litawaudhi wageni, ambao hulipa kila wanachotozwa na huondoka wakiamini kwamba hawana deni. Litawaudhi pia wenyeji wengi wenye elimu, ambao wameshakubali kwamba chini ya bahari ni mambo ya Wazungu, na kwamba jarida la mashairi halina la kusema juu ya mitungi ya hewa. Lakini safari huwa maneno kabla ya kuwa mwendo. Hupangwa kwa majina ya mahali, majina ya majira na majina ya hatari. Na anayeyashika maneno hayo ndiye anayeishika safari.

Mpango wenyewe unajulikana. Mtu yuko Milan au London, baridi imemchosha, na anauliza maswali manne: aende lini, afikie wapi, atalipa kiasi gani, ataona nini. Maswali yote ni halali. Ila kosa limo katika nani anayeulizwa. Anaulizwa muuzaji, na muuzaji hujibu kwa picha: kasa aliyetulia, mwanamke aliyebeba mwani, jua linalotua nyuma ya ngalawa. Juu ya picha huandikwa kwamba bahari ya hapa ni ya kuzamia mwaka mzima kwa sababu maji yake ni ya joto. Ni kweli kwamba ni ya joto. Lakini mtoto wa Nungwi mwenye umri wa miaka kumi anajua kwamba joto la maji si hali ya bahari, na kwamba anayesema bahari ni ile ile mwaka mzima hajawahi kuivuka.

Visiwa hivi havihesabu majira manne. Vina pepo mbili na nafasi baina yake. Kaskazi huvuma tangu Disemba hadi karibu na Machi, na huupiga upande wa kaskazini na mashariki. Mwenye kuzamia huona raha zaidi mbele ya mji wa Unguja, kwenye miamba ya Bawe na Pange, palipo na kinga. Kusi huanza Aprili na kushika nguvu baina ya Juni na Agosti. Hapo pwani ya mashariki huchafuka, na anayefikia Kendwa au Nungwi hupata kivuli cha kisiwa. Baina ya pepo hizo ndipo panapokuja tanga mbili, wakati ambapo chombo chaweza kwenda huku na kule kwa kuwa upepo haujaamua. Wengine huita maleleji. Mwishoni mwa kaskazi, na tena baina ya Oktoba na Novemba, bahari hulala na maji huwa maangavu. Na masika, kuanzia Machi hadi Mei, mvua humwaga tope baharini, khasa Mafia, ambayo imekaa mbele ya milango ya mto Rufiji. Elimu yote hiyo imo ndani ya maneno manne: kaskazi, kusi, tanga mbili, masika. Muuzaji anayauza majira mawili tu, ya bei ya juu na ya bei ya chini.

Juu ya pepo kuna mwezi. Mara mbili kila mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, huja bamvua, na maji ya Unguja huweza kupanda na kushuka kwa karibu mita 4. Maji mengi kiasi hicho hayapiti mlangoni polepole. Katikati ya mabamvua huja maji mafu, na mikondo hulegea. Mvuvi wa madema anajua, mwanamke wa mwani wa Paje na Jambiani anajua, kwani tangu kilimo hicho kilipoanza huko mwaka 1989 kazi yake hufuata bamvua kama mwalimu anavyofuata kengele. Kule Mafia, kwenye mlango wa Kinasi unaoingia ghuba ya Chole, saa ya kuzamia huamuliwa na maji: yanapojaa huleta uangavu wa bahari kuu, yanapokupwa hutoa uchafu wa ghuba na kumvuta mtu nje. Mgeni aliyenunua tikiti miezi minane kabla, bila ya kuutazama mwezi, amenunua wiki asiyoijua. Huenda ikawa ya bamvua, huenda ikawa ya maji mafu. Halafu husemwa kwamba hakubahatika.

Wazee wa bahari hawakuiachia bahati kazi hiyo. Walikuwa na mwaka wao, usiofuata mwezi, ulioanzia Nairuzi, ule ambao watu wa Makunduchi huukaribisha kila Julai kwa Mwaka Kogwa. Siku zake zilihesabiwa makumi kwa makumi, na kila kumi likaitwa mwongo. Kwa miongo walijua lini pepo zitageuka, lini mvua zitaanza, lini chombo kipandishwe pwani. Leo wageni huletwa Makunduchi kutazama watu wakipigana kwa migomba, na hakuna anayewaambia kwamba wanachokitazama ni kufunguliwa kwa kalenda, na kwamba kalenda hiyo ndiyo waliyoihitaji walipokuwa wakipanga safari yao.

Mpango huo una upungufu mwingine, na huu unagusa uhai. Chini ya maji shinikizo huongezeka sawa na uzito wa anga nzima kwa kila mita 10, na naitrojeni iliyomo katika hewa ya mtungi huingia mwilini na kukaa. Ikitoka polepole, hakuna neno. Ikitoka kwa ghafla hufanya mapovu katika damu na viungo, na mtu hupooza au hufa. Kwa hiyo wanaoijua kazi hushauri kusubiri saa 12 angaa baada ya mzamio mmoja kabla ya kupanda ndege, na saa 18 baada ya mizamio mingi. Na bado ziko ratiba zinazoanza na bahari na kumaliza na Ngorongoro, ambako ukingo wa kreta umepita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kama kwamba damu ya mtu husoma ratiba. Mbuga itangulie, bahari ifuate, na siku ya mwisho iachwe kavu. Tangu Oktoba 1, 2024 mgeni anayeingia Zanzibar hulazimika kununua bima ya Shirika la Bima la Zanzibar kwa dola 44. Ni juu yake kusoma kama yaliyomo humo yanamfuata hadi mita 30, na kama siyo, atafute bima ya wazamiaji. Tena aulize, kabla ya kulipa chochote, chumba cha shinikizo cha kutibia wazamiaji kilicho karibu kiko wapi na kama kinafanya kazi siku hiyo.

Hatari hii haiwachagui wageni. Katika visiwa hivi na kwingineko Bahari ya Hindi wamekuwapo vijana wanaozamia majongoo kwa mitungi ya hewa bila ya mafunzo ya maana, wakirudi chini mara nyingi kwa siku kwa sababu mnunuzi anangoja pwani. Wako waliorudi juu miguu ikiwa haina nguvu, na jamaa wakasema ni shetani wa baharini. Jedwali la kina na muda, ambalo lingemwambia kijana huyo asimame wapi na kwa dakika ngapi, linatundikwa katika vituo vya kuzamia kwa Kiingereza, Kitaliano na Kijerumani. Bahari ni yake, mapafu ni yake, na maelezo ya kumwokoa yameandikwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Hapo ndipo suala la majina linapoacha kuwa upuuzi wa washairi. Kaskazini-mashariki ya Unguja iko Mnemba, iliyozungukwa na miamba ambayo tangu mwaka 2002 imo katika eneo la hifadhi. Mahali pamoja pa kuzamia hapo panaitwa Aquarium, yaani tangi la vioo la kufugia samaki. Bahari Hindi, yenye papa na nyangumi, imepewa jina la kasha linalowekwa sebuleni! Jina hilo humfundisha mgeni jambo moja kabla hajavaa mapezi: kwamba samaki wamewekwa pale kwa ajili yake. Kaskazini zaidi kuna tuta la chini ya maji linaloitwa Leven, jina la meli ya kivita ya Kiingereza iliyopima pwani hii chini ya nahodha Owen katika miaka ya 1820. Samaki walikuwako kabla ya Owen, na wavuvi pia.

Yapo majina yaliyosalimika, nayo yanaonyesha kilichopotea kwengine. Mnemba hiyo hiyo ina mahali panapoitwa Kichwani, na aliyelisikia jina ameshaambiwa mwamba umekaaje. Magharibi ya Pemba kuna Misali. Wenyeji husimulia kwamba Nabii Hadhara alifika hapo akataka msala wa kusalia, msala usipatikane, akasema kisiwa chenyewe, kwa jinsi kilivyoelekea kibla, kitakuwa mfano wa msala. Jina hilo lilifanya kazi ambayo boti za doria ziliishindwa. Hifadhi ilipoanzishwa Misali mwaka 1998, amri za serikali peke yake hazikuwaacha wavuvi wote na baruti zao. Masheikh walipoanza kufundisha kwamba viumbe ni amana, na kwamba anayeuvunja mwamba anavunja alichokabidhiwa, maneno yakawaingia watu. Mgeni anayezamia Misali bila ya kujua kwamba amekanyaga msala ni kama aliyeingia msikitini na viatu. Hakukusudia ubaya. Hakuambiwa.

Watetezi wa biashara hii wana hoja mbili, na zote zinastahili jibu.

Hoja ya kwanza ni kwamba wenyeji ndio walioiharibu bahari, na kwamba bila ya fedha za wageni isingebaki. Ni kweli kwamba baruti zililipuliwa na mikono ya watu wa pwani, na kwamba majuya yamekokota matumbawe mpaka yakawa kokoto. Anayelificha hilo hana haki ya kuzungumza juu ya mwamba. Lakini mwaka 1998 maji yalipopata joto na matumbawe ya Afrika Mashariki yakapauka na kufa kwa wingi, na yalipopauka tena mwaka 2016 na mwaka 2024, hayakuwa baruti. Yalikuwa joto la dunia, na mgeni aliyeruka saa kumi kuja kuyaaga matumbawe alikuwa na mchango wake ndani ya joto hilo, mkubwa kuliko wa mvuvi wa tanga. Kosa la mwenyeji halimpi mgeni ardhi, wala bahari. Hukumu iwe moja kwa wote.

Hoja ya pili ni kwamba masharti huwafukuza wageni. Chumbe inaikanusha. Mwamba wake ulihifadhiwa mwaka 1994, na katika hifadhi hiyo mtalii haruhusiwi kuzamia na mtungi kabisa. Huelea juu kwa miwani na kutazama, akiongozwa na walinzi ambao wa mwanzo wao walikuwa wavuvi. Wageni wamekuja, na mwamba umebaki miongoni mwa ile iliyo bora katika ukanda huu. Kwa upande wa pili, Mnemba imekodishwa kwa hoteli ya kifahari, na asiyelala hapo hapandi kisiwani, huku katika siku za wageni wengi boti husongamana juu ya mwamba kama daladala za Darajani. Yaani mchangani, ambako miguu ya watu haina madhara makubwa, kuna mlango na bawabu; na majini, ambako pezi moja huvunja tawi lililokua kwa miaka, kila mwenye boti huingia. Mpango wa namna hiyo hauwezi kuitwa utunzaji. Ni kuulinda utulivu wa mgeni mmoja dhidi ya mgeni mwingine.

Basi safari ipangweje? Jibu halihitaji kuagizwa kutoka nje. Watu wa visiwa hivi wana desturi kongwe ya kupanga safari ya kwenda kuishi juu ya maji ya watu wengine. Inaitwa dago. Wavuvi wa Kojani wameivuka bahari hii kwa karne, wakapiga kambi Unguja, Mafia na pwani ya Kenya, wakakaa majuma au miezi. Mvuvi wa dago hutoka kwa kuangalia upepo na mwezi, wala hatoki kwa kuangalia bei. Akifika hapeleki wavu majini kwanza. Hupiga hodi kwa wakubwa wa mji na kwa bwana diko, akasema yeye ni nani, ametoka wapi, atakaa siku ngapi. Huuliza wapi panavuliwa na wapi pana mwiko. Hulipa kinachostahili kulipwa mbele ya watu. Na siku ya kuondoka huondoka, kwa sababu dago lisilo na mwisho ni uvamizi. Si kwamba madago yote yamekuwa ya amani. Ugomvi umekuwako, na visa vyake huzungumzwa hadi leo. Lakini ugomvi ulitokea pale taratibu zilipovunjwa, na kila upande ulizijua taratibu zenyewe.

Msafiri wa mitungi akiwa na uungwana wa mvuvi wa dago, mpango wake utabadilika wote. Ataanza na upepo, kisha mwezi, halafu ndio tikiti. Atachagua kisiwa kwa majira: akimtaka papa potwe atakwenda Kilindoni, Mafia, baina ya Oktoba na Februari, na hatomlaumu mtu kwa kumkosa Julai. Atauliza kituo cha kuzamia maswali yasiyomo katika picha: nani miongoni mwa viongozi wa majini ni mwenyeji, na analipwa sawa na mgeni mwenye cheti kile kile? Boti inafunga kwenye boya au inatupa nanga juu ya matumbawe? Ada ya hifadhi inakwenda kwa nani, na kijiji kilicho mbele ya mwamba kinapata nini? Jina la mwamba huo kwa watu wake ni lipi? Kituo kisichoweza kujibu swali la mwisho hakiujui mwamba, na kisichotaka kujibu la kwanza kinaficha kitu.

Lakini mgeni hawezi kupiga hodi katika nyumba ambayo mwenyewe ameihama. Lawama kubwa zaidi ni ya wenyeji. Wazee wa visiwani walionya kwamba usisafirie nyota ya mwenzio, na visiwa vizima sasa vinasafiria nyota ya muuzaji. Shule zilizo mita mia kutoka ufukweni humaliza wanafunzi wasiojua kuogelea. Walimu hufundisha sayari na hawafundishi bamvua. Washairi wameimba bahari kama kioo cha mapenzi, wakahesabu mawimbi yake kwa vina na mizani, na wachache mno wameteremka pima mbili chini ya wimbi wanaloliimba. Wanaofasiri hufasiri riwaya za London na Paris, na jedwali la kina na muda halijapata mfasiri wa kulitundika katika kila diko.

Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya Spice Islander ilizama baina ya Unguja na Pemba, na mamia ya watu wakapotea. Wazamiaji waliitwa kutoka Afrika Kusini. Kina na mkondo vikawazuia. Haki isemwe: katika kina kile hapana mzamiaji wa mtungi, wa taifa lolote, ambaye angefika. Hata hivyo, katika visiwa ambavyo kwa miongo kadhaa vilikuwa vimewafundisha maelfu ya wageni kwenda chini na kurudi salama, ilibidi wa kuwatafuta watoto wa visiwa watafutwe kwa ndege. Haya hayakuwa makosa ya mtalii. Mtalii alikuja kujifunza kuzamia, akafundishwa. Mwenyeji hakufundishwa, kwa sababu hakuna aliyemhesabu kuwa ni mwanafunzi.

Yanayotakiwa kufanywa yanajulikana na gharama yake si kubwa. Kila kituo kinachopewa leseni ya kuzamisha wageni kiwe na wajibu wa kufundisha idadi fulani ya vijana wa kijiji chake kila mwaka, wa kike na wa kiume, kwa Kiswahili, bila ya malipo. Majina ya miamba yakusanywe kwa wazee wa Tumbatu, Kojani, Kizimkazi na Chole kabla hawajaondoka nayo, yaandikwe katika ramani, na ramani hizo ziwe ndizo anazopewa mgeni. Jedwali la usalama lifasiriwe; maneno yapo, na yasipokuwapo, wavuvi wanayo. Hesabu ya miongo irudi darasani. Na mgeni, tangu yuko kwao, akiandikia kuulizia nafasi, ajibiwe kwanza kwa upepo na mwezi, kisha kwa bei.

Akiyakubali hayo atakuwa amealikwa, na atakaribishwa kama watu wa pwani wanavyokaribisha. Akiyakataa, ziko bahari nyingine duniani. Na kijana wa gatini, yule anayejificha katika meli za watu kwa sababu hakuona kazi katika bahari ya kwao, huenda siku moja akazamia kwa ile maana ya kwanza, mchana, nanga ikiwa imefungwa kwenye boya, na jina la mwamba akalijua.